Aliyefukuzwa Ndiye Mwenye Ufunguo

Bibi yangu Morfudd alipofukuzwa baa, mimi nilikuwa shule ya bweni ng'ambo ya mpaka, nikisomeshwa habari za wafalme waliokatwa vichwa kwa ukaidi. Mama alinipigia simu kunipa taarifa kwa sauti ya msiba. Nilipoitangaza bwenini, wenzangu walisimama wakapiga makofi. Bibi zao walikuwa watu wa kufuma soksi.

Adhabu yenyewe ilikuwa hivi: asihudumiwe tena katika Mwanakondoo Mweusi, ndilo jina la baa, wala asikae humo, mpaka asimame mbele ya moto, watu wakiwapo, aombe msamaha. Kwa mtu mwingine hiyo ni adhabu ya wiki moja. Kwa bibi yangu ni kifungo cha maisha.

Na si jambo la kucheka, ingawa nilicheka. Bibi anaishi peke yake katika nyumba ya juu kabisa ya bonde letu, huku kaskazini mwa Welisi, mahali ambapo hata mtu wa posta hufika akiwa amenuna. Babu alishakufa. Wanawe wametawanyika mijini. Nyumbani huzungumza na redio, nayo redio humkatiza. Jioni zake za baridi, miaka nenda miaka rudi, zimepita pale baani kwenye benchi lililo karibu na moto, akiongea lugha yetu, Kiwelisi, na watu waliomjua tangu ana meno ya utotoni. Benchi lenyewe lilitoka kanisani, kanisa lilipofungwa kwa kukosa waumini. Bibi alikuwa akilikalia kule, likahamia baani, naye akahama nalo bila kubadilisha hata upande. Ukimnyang'anya benchi hilo umemwachia upepo na kondoo.

Baa ni yetu. Sisemi hivyo kwa mapenzi. Ni yetu kama ng'ombe alivyo wa mwenyewe. Zamani kampuni ya bia iliona kwamba nyumba iliyo mwisho wa bonde, pale barabara inapokata tamaa na kuwa njia ya kondoo, haina faida, ikataka kuifunga. Watu wakachanga wakainunua, kila nyumba fungu moja, mwenye mashamba na asiye na kuku sawasawa. Haina meneja wala mhudumu wa kuajiriwa. Ina ufunguo.

Ufunguo huo ni wa chuma, mrefu kama kiganja, na hutembea. Huanzia nyumba ya juu, kwa Bibi, ukashuka na mto nyumba hadi nyumba. Ukilala kwako leo, jioni ya leo wewe ndiye mwenye baa: utawasha moto, utamimina bia, utafuta meza, utaamua nani ahudumiwe na nani aambiwe arudi kwake akalale. Asubuhi unaupeleka kwa jirani wa chini. Ukifika nyumba ya mwisho, unaanza tena juu. Nyumba hairukwi. Mwenye udhuru humwomba mwingine amshikie zamu, lakini kwanza ufunguo lazima ufike mlangoni kwake. Hata Ithel Jeneza alipofiwa na mama yake, ufunguo ulifika, na Ithel akafungua baa akiwa na suti ya mazishi. Kwetu nusu ya watu wana jina moja la ukoo, kwa hiyo mtu huitwa kwa kazi yake. Ithel hutengeneza majeneza. Non Mayai, wa nyumba ya mwisho kule chini, hufuga kuku. Na mwenyekiti wa kamati ni Tudwal Kengele, mwalimu mstaafu, aliyeipiga kengele ya shule ya bonde mpaka siku shule ilipofungwa. Wote waliopita mikononi mwake humwita Mwalimu. Bibi humwita Tudwal, kwa sababu aliwahi kumwona akijikojolea kwenye igizo la Krismasi.

Sasa kosa. Mwalimu Tudwal alikuwa ameshikwa na homa ya wageni. Wapanda milima wanne kutoka Manchester walipiga simu kwamba watapita, naye akaweka juu ya benchi la Bibi kikadi kilichoandikwa kwamba pamehifadhiwa. Bibi akaja kama kawaida yake, akakikalia kikadi. Wageni wakaingia. Mwalimu akamwendea Bibi akamwomba ahamie chumba cha nyuma.

Hilo angelisamehe. Alishahamishwa na mengi. Kisichosameheka ni kwamba Mwalimu alimwambia kwa Kiingereza. Hawa wawili walibatizwa na mchungaji mmoja na kuchapwa na mwalimu mmoja. Tangu wajue kusema, neno la Kiingereza halijapita kati yao. Jioni ile, ili wageni wasikie jinsi anavyowatunza wazee, alimwambia kwa Kiingereza polepole, huku akitabasamu, kama unavyomwelekeza mtu aliyepotea kituo cha treni.

Bibi akainuka. Watu wakadhani anahama. Akammiminia Mwalimu bia yake yote kichwani, na walioshuhudia wanaapa kwamba hakuwa na haraka. Wageni wa Manchester wakashangilia, wakidhani ndiyo mila yetu.

Baani kuna sheria chache. Mojawapo ni kwamba anayemmwagia mwenzake kinywaji hufukuzwa mpaka aombe msamaha mbele ya moto. Sheria hiyo ilipendekezwa miaka iliyopita na mtu mmoja mwenye busara na mpenda amani, jina lake Morfudd. Kamati ikakaa chumba cha nyuma, ikampata na hatia, ikatoka ikiwa na uso wa kamati. Bibi akavaa koti akaenda zake.

Nilipofika likizo ya Desemba nilimkuta amekonda kidogo na ameacha kubishana na redio, dalili mbaya. Nilimuuliza kama hawezi kuomba msamaha wa uongo. Shuleni sisi huomba hata mara tatu kwa siku na hauachi alama. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyelipa ada akaletewa kitu kingine. Akasema Tudwal akianza yeye, atafikiria.

Asubuhi ya pili mlango ukagongwa. Alikuwa Non Mayai, anatweta, mkononi ana ufunguo.

Kumbe kamati ilimfukuza Bibi ikausahau ufunguo. Wakuu wote wale, na hoja zao na vikohozi vyao, hakuna aliyekumbuka kwamba mto una nyumba ya juu na nyumba ya juu ina zamu. Na katika bonde letu hakuna mtu ambaye angethubutu kuuvusha ufunguo mlango wa jirani. Non alieleza haya akiwa amesimama mvuani, akiangalia viatu vyake. Akasema yeye hajui mambo ya kamati. Anajua tu kwamba ufunguo ulikuwa kwake na leo si kwake.

Bibi aliupokea ule ufunguo. Kisha akaniambia nimletee kofia yake ya kanisani.

Jioni ile Mwanakondoo Mweusi alifunguliwa kwa wakati, moto ukawaka vizuri, glasi zikang'aa mpaka zikaonekana za mtu mwingine. Nilikuwa nikiosha vyombo, kwa hiyo niliona yote. Ithel aliingia, akamwona Bibi nyuma ya kaunta, akavua kofia, akaagiza bia bila kuuliza lolote. Wageni wawili waliokuja kutazama ndege, wenye darubini shingoni, walikuwa wakijikausha pembeni. Kisha akaingia Mwalimu Tudwal. Alisimama mlangoni muda mrefu hata baridi ikaingia ikatafuta kiti.

Akamkumbusha kwamba amefukuzwa. Bibi akamjibu kwamba kunywa na kukaa ndiko alikokatazwa, naye leo hanywi wala hakai, yuko wima, ana zamu. Mwalimu akafikiri. Ni mtu wa haki, hilo lazima niliseme, na haki ilimbana. Akaja kaunta, akawatupia jicho watu wa darubini, akaagiza bia yake. Kwa Kiingereza.

Bibi akafuta glasi. Akafuta nyingine. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza mvua juu ya bati. Mwalimu akarudia, kwa sauti zaidi, Kiingereza kilekile. Mwenye ufunguo ndiye anayeamua nani ahudumiwe. Hiyo nayo ni sheria. Mwalimu alirudi kwake na kiu yake, na nadhani hakuna binadamu aliyewahi kutoka baani akiwa mkavu hivyo na mwenye hasira hivyo kwa wakati mmoja.

Usiku huo Bibi alizungumza njia nzima hadi nyumbani, nami sikupata nafasi ya kumkatiza. Nikajua jioni moja haitamtosha. Kabla zamu yake haijarudi, ufunguo ulikuwa na mto mzima wa kuteremka.

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, asubuhi nilishuka bondeni kuwapima watu afya. Nilianza na Ithel, aliyekuwa wa kwanza kwa zamu. Nilimkuta amebeba mbao za mwaloni begani peke yake. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba naona mgongo wake hauko sawa, na mtu wa mgongo ule hafai kusimama kaunta jioni nzima. Ithel aliweka mbao chini. Akanitazama, akautazama ufunguo mkononi mwangu, akashika kiuno.

"Tangu juzi, mwanangu," akasema. "Mwambie bibi yako anishikie zamu. Hata zijazo."

Nilipata wepesi ambao sikuutarajia. Nyumba ya pili niligundua baridi yabisi. Ya tatu walikuwa na mtoto anayeota meno, wakaniomba mimi nisiseme kwamba mtoto ana miaka kumi. Non Mayai alinieleza mwenyewe, kabla sijafungua kinywa, kwamba kuku wake wameingiwa na huzuni na wanahitaji mtu wa kukaa nao jioni. Kila mlango ufunguo ulifika, na kila mlango ukarudishwa juu kwa adabu.

Nilidhani ni ubingwa wangu. Baadaye Non aliniambia ukweli, akinipangia mayai kwenye kikapu. Jioni ile ya Kiingereza wote walikuwepo. Wote walisikia, na wote walitazama glasi zao. Anayejua kwamba alinyamaza siku ya kusema, akasema, anapaswa kuugua siku ya kuugua.

Basi Bibi akafungua baa jioni baada ya jioni. Mwili wake ukarudi. Akaanza tena kubishana na redio, asubuhi, kama mazoezi. Na jioni alikuwa na watu mbele yake upande wa pili wa kaunta, wakimweleza habari za kondoo wao, akiwakosoa wote. Benchi hakulikalia. Nilimwona mara moja, kabla wateja hawajaja, amesimama karibu nalo na kitambaa cha kufutia mkononi. Alilifuta akarudi kaunta.

Zamu ya nyumba ya Mwalimu ilipofika, Bibi alinituma na ufunguo kama alivyonituma kwa wengine wote. Nikamuuliza Mwalimu, kwa heshima na taadhima, kama anajisikia vizuri. Akasema hajawahi kujisikia vizuri zaidi. Akauchukua ufunguo, akafungua baa, akawasha moto. Jioni hiyo bonde zima lilikuwa mahututi. Nilichungulia dirishani nikamwona amekaa peke yake na krispi, akiwa ameelekea mlangoni. Nilikwenda pale nicheke, na sikucheka sana.

Kesho yake akaitisha mkutano wa wenye nyumba wote. Hoja: mtu aliyefukuzwa asishike ufunguo, awe wa zamu yake au wa kushikia wengine. Ikipita, Bibi amekwisha. Hilo halikuhitaji kuelezwa. Bibi aliposikia aliingia jikoni. Alichemsha mchuzi wa kondoo na viazi, sufuria kubwa kuliko kichwa cha Mwalimu, tukaushusha pamoja.

Maana mikutano hufanyika baani, na siku hiyo ufunguo, uliokwisha kutoka kwa Mwalimu kwenda kwa mgonjwa mwingine, ulikuwa kwa nani? Waliokuja kumhukumu walifunguliwa mlango na yeye. Alivaa kofia yake ya kanisani. Moto ulikuwa tayari, mchuzi ulikuwa tayari, na alimkaribisha kila mmoja kwa jina na kumwambia afute miguu. Mwalimu naye alifuta miguu.

Alisimama mbele ya moto na kuanza. Mikutano yetu huendeshwa kwa lugha yetu, na Mwalimu huijua kwa uzuri. Aliposema juu ya utaratibu, na juu ya jamii isiyoheshimu adhabu zake yenyewe, hata mimi nilikaribia kushawishika. Watu walianza kutazama chini. Ithel alisahau akaunyoosha mgongo. Nilimwangalia Bibi. Mikono yake ilikuwa juu ya kaunta, imetulia, lakini kitambaa kilikuwa kimesokotwa hadi kikawa kamba.

Hapo mlango ukafunguliwa, wakaingia wapanda milima watatu, wanachuruzika maji, wakiuliza kama pamefunguliwa.

Mwalimu hakufikiri. Najua hakufikiri, kwa sababu mtu anayefikiri asingefanya vile. Aliwatabasamia, akageuza sentensi yake katikati, akaendelea kumshtaki bibi yangu kwa Kiingereza.

Chumba kikanyamaza. Alisema sentensi mbili nzima kabla hajasikia ule ukimya. Bibi akakiweka kitambaa chini.

"Tudwal," akasema, kwa lugha yetu, bila kupandisha sauti. "Unanihukumu mimi au unawahukumu hao?"

Mwalimu akamgeukia.

"Maana kama ni mimi, nihukumu kwa lugha niliyokukatalia posa yako. Ulinielewa vizuri siku ile."

Sijui ni nani aliyeanza kucheka. Nadhani ni Non. Kicheko kilizunguka chumba kizima kikafika hata kwa mke wa Mwalimu, aliyejificha ndani ya skafu. Mwalimu akawa mwekundu kuliko moto uliokuwa nyuma yake. Posa ile, inasemekana, aliitoa kwa shairi.

Kisha Bibi akawageukia wageni. Akawaambia, kwa Kiingereza safi kuliko cha shule yangu, wavue viatu vyao vyenye tope, wakae kwenye benchi lile la karibu na moto, na wabanane, kwani hapa hakuna kiti cha mtu mmoja. Akawapa bakuli za mchuzi. Wakakaa wakala, macho huku na huku, kama watu walioingia mazishini kwa makosa na wakapewa chakula.

"Haya," akasema Bibi. "Endelea, Mwenyekiti. Piga kura yako."

Mwalimu akaendelea, kwa lugha yetu, na kwa hilo lazima nimvulie kofia. Akaomba wanaotaka ufunguo uondolewe kwa Morfudd wainue mikono. Ithel akauliza, kwa upole wa watu wa majeneza, ni nani basi atakayezichukua zile jioni zote, Januari na theluji yake ikiwemo. Mkono ukainuka mmoja tu, wa Mwalimu mwenyewe, na hakuushusha. Aliuacha juu peke yake mpaka kila mtu alipokwisha kuuona.

"Hoja imeanguka," akasema mwenyewe. Kisha: "Lakini adhabu iko palepale. Utaomba msamaha, Morfudd?"

"Siombi."

"Basi umefukuzwa bado."

"Najua," akasema Bibi, akachukua glasi. "Unakunywa nini?"

Wageni waliacha kutafuna, ingawa hawakuelewa hata neno. Mwalimu alitazama glasi. Akawatazama wale watatu kwenye benchi. Alikuwa na wiki mbili na zaidi hajamiminiwa bia pale, na bia ya dukani ilikuwa imeanza kumharibia tabia.

"Nyeusi," akasema kwa lugha yetu, mbele yao, kwa sauti ya darasani. "Na ujaze."

Bibi akajaza. Kabla ya kuisogelea kaunta, Mwalimu alivaa kofia yake akaishindilia hadi masikioni. Alikunywa akiwa amesimama, naye Bibi amesimama, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyemwomba mwenzake chochote.

Basi ndivyo ilivyo mpaka leo. Ukija Mwanakondoo Mweusi jioni yoyote utamkuta nyuma ya kaunta mama mzee aliyefukuzwa humo, na atakuuliza unatoka wapi, na jibu lako halitamridhisha. Hanywi na hakai. Benchi linakaliwa na yeyote aliyelowa. Mwalimu Tudwal ana glasi yake ya kila siku na hoja yake ya kila mwezi, ambayo huanguka.

Jioni ya mwisho ya likizo, kabla sijarudishwa kwa wafalme wangu, nilimkuta ameegemea kaunta, amevua kiatu kimoja. Nikamwambia moto uko pale, benchi liko pale, na maneno yenyewe ni mawili tu. Nikamuuliza kama miguu haimuumi.

Akasema inamuuma sana, na kwamba kuni zimekwisha, nikalete nyingine.